Namba Kumi na Mbili Hayupo

Jumanne, 1 Septemba 2009

Mvua. Nimekula yai moja. Nimelala mchana, nimeamka, mvua ile ile.

Vigdis alikuja saa nane bila kupiga simu. Ni mwenyekiti wa klabu, basi anajiona ana ufunguo wa kila nyumba hapa Eidsmoen. Kaleta skonzi za mdalasini na bahasha nene. Ndani ya bahasha — mwandiko wa Halvdan, mume wangu. Kurasa sabini na mbili. Historia ya klabu yetu ya michezo, tangu 1909 mpaka leo, ila haikufika leo. Imefika 1960 ikakatika.

Anasema marehemu aliahidi kitabu kitoke siku ya sherehe ya miaka mia. Sherehe ni tarehe 14 Novemba. Marehemu mwenyewe ameondoka Mei. Sasa nani amalizie? Akanitazama huku anatafuna.

Nikasema sawa. Ningesema sawa hata angeniomba nipande mlima kwa magoti. Siku hizi kila kitu sawa. Tangu Mei nimekufa ganzi, kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno. Unajigusa, unajua ni shavu lako, basi.

Sijalia hata mara moja. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 6 Septemba

Ragna kapiga simu kutoka Bergen, kama kila Jumapili. Mama umekula? Nimekula. Mama unatoka nje? Natoka. Ile shajara niliyokununulia unaandika? Naandika, mwanangu. Hilo la mwisho ni kweli.

Nimesoma kurasa za baba yake. Mume wangu alikuwa anaandika vizuri kuliko alivyokuwa anasema. Wanaume tisa, 1909, juu ya kiwanda cha maziwa, wanaanzisha klabu ya ski, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, na kila mmoja ana fimbo moja tu, ndefu kama mlingoti, maana fimbo mbili zilionekana ni za watu waoga. 1922 mpira wa miguu: msaragambo wa kijiji kizima, majira mawili ya joto, kuondoa mawe uwanjani, na mawe yale ndiyo ukuta wa makaburi mpaka leo. Halvdan amezikwa upande ule. 1931 mazoezi ya viungo ya wanawake, na mchungaji akauliza kanisani suruali zao zina urefu gani.

Halafu vita, 1940. Wavamizi wakataka klabu zote ziwe chini yao. Eidsmoen wakakataa kushindana. Miaka mitano hakuna mbio, hakuna matokeo, kitabu cha mikutano kimefichwa ndani ya nyasi za ng'ombe. Halvdan ameandika: kurasa hizi tupu ndizo kurasa zetu bora.

Hapo zamani ningelia. Nimesoma, nikafunga, nikaosha kikombe.

Jumatano, 9 Septemba

Ukurasa wa mwisho. Juu kaandika: MWAKA 1961. Kapiga mstari chini yake. Kisha hakuna kitu.

Nimedhani alichoka. Lakini kuna tarehe pembeni kwa penseli: Oktoba mwaka jana. Mpaka Mei ni miezi saba. Miezi saba alikaa pale mezani na kichwa cha habari tupu? Nilikuwa napita na kahawa. Sikuuliza.

Na 1961 ndio mwaka wake! Mwaka ambao Halvdan alishinda kombe la wilaya, kilomita thelathini. Hakuna mwingine wa klabu hii aliyewahi kulipata, si kabla wala si baada. Torleiv, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuwa wa pili siku hiyo hiyo. Eidsmoen wa kwanza na wa pili! Watu hawakulala siku tatu.

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimeshika saa.

Jumatatu, 21 Septemba

Vigdis tena. Mambo mawili. Moja: njia mpya ya ski yenye taa, ile waliyokata msituni, itaitwa Njia ya Halvdan. Kibao kimeshachongwa. Kitafunuliwa siku ya sherehe, na mimi nitasema maneno machache. Pili: anataka kombe. Lipigwe picha ya jalada.

Nikasema asante. Nikasema nitalitafuta. Akanishika bega akasema najikaza sana. Sijikazi. Kujikaza kunataka nguvu.

Jumanne, 22 Septemba

Kombe halipo juu ya kabati la sebuleni. Kuna duara tu kwenye vumbi, na vumbi limeingia mpaka ndani ya duara. Kwa hiyo halipo muda mrefu. Sikuona. Mtu anakaa sebuleni kila siku na haoni!

Halafu nikakumbuka: mwaka huu ni zamu ya klabu. Halvdan alikuwa na utaratibu wake tangu tuoane. Theluji ya kwanza ikianguka analichukua kombe, analipeleka kwenye kabati la vioo la klabu, linakaa huko mpaka theluji ya kwanza ya mwaka unaofuata. Kisha mwaka mmoja nyumbani. Kisha klabu. Alisema ndiyo haki, kombe si la mtu mmoja. Nilimpenda kwa hilo.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimempigia Vigdis, nikamwambia lipo kwenu kabatini. Akasema, taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba yeye amefuta vumbi kabati lile miaka ishirini na kombe la Halvdan hajawahi kuliona humo hata siku moja.

Nikasema basi nimechanganya. Akasema wala usijali, dada Borghild, huzuni inachanganya kichwa.

Sikuchanganya. Miaka arobaini na kitu mume wangu anatoka na kombe mkononi mlango ule pale. Alikuwa analipeleka wapi?

Jumapili, 27 Septemba

Ragna. Nimekula, natoka, naandika.

Sikumwambia.

Jumatano, 7 Oktoba

Vigdis alinipa ufunguo wa dari la nyumba ya klabu. Maboksi. Fulana za mpira wa mikono za 1983 zenye harufu ya mafuta ya misuli. Picha za mnara wa kurukia ski kabla upepo haujauangusha 1974. Nilikuwa natafuta karatasi za matokeo ili niandike mwaka 1961 na nimalize.

Nimezipata. Jumapili, 5 Machi 1961, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Mwandiko wangu! Namba za msichana, saba zina mikia. Karatasi nane zimebanwa kwa pini yenye kutu. Nyuma kabisa imenasa karatasi ndogo, imekunjwa mara moja, kwa mwandiko wa mwalimu Øverås, aliyekuwa akiwaachia watelezaji kule juu kwenye kianzio:

«Namba 12 hayupo. Baridi haivumiliki, siwezi kuwasimamisha. Kuanzia namba 13 wote nimewaachia nusu dakika mapema. Rekebisha hesabu.»

Juu ya maandishi, duara la kahawa. Duara safi kabisa.

Mezani pale kahawa nilikuwa nakunywa mimi peke yangu. Wanaume walikuwa na chupa nyingine.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimefanya hesabu mara nne. Hesabu yenyewe ni ya mtoto.

Kila mtelezaji anaachiwa nusu dakika baada ya mwenzake. Mimi kule mwisho nachukua saa aliyofika, natoa saa aliyoondoka, ndio muda wake. Mtu asipotokea, nafasi yake inaachwa wazi, saa inaendelea. Ndiyo sheria. Kwa hiyo niliwahesabu wote kana kwamba nafasi ya namba 12 ilibaki wazi. Haikubaki. Kuanzia namba 13 kila mtu nilimpa zawadi ya nusu dakika bila kujua.

Torleiv alikuwa namba 9. Hakupata zawadi.

Halvdan alikuwa namba 23.

Halvdan alishinda kwa sekunde kumi na moja. Rudisha ile thelathini. Halvdan ameshindwa kwa sekunde kumi na tisa.

Karatasi ilinifikia. Niliiwekea kikombe juu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nasubiri kuhisi kitu. Aibu, labda. Hakuna. Nimemenya viazi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Hakuna.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nilikuwa msichana wa kwanza kukaa meza ya saa katika wilaya yote. Siku ile ya Machi ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mhazini wa wakati huo alisema mkutanoni kwamba msichana ataangalia wavulana badala ya mshale. Watu walicheka. Baba yangu naye alicheka. Kura zikaniokoa kwa tofauti ya moja.

Na nilibaki. Miaka thelathini na moja, mpaka ilipokuja saa ya umeme 1992. Baada yangu waliingia wanawake meza zote: saa, alama za kuruka, mpira wa mikono. Vigdis mwenyewe mimi ndiye niliyemfundisha kusoma mshale, akiwa na meno ya mbele yametoka. Kwenye sura niliyoanza kuandika wiki iliyopita nimesema hivi: Borghild, miaka thelathini na moja bila kosa hata moja. Halvdan alikuwa anapenda kuisema hiyo kwenye sherehe. Anagonga gilasi, anaisema. Torleiv anapiga makofi kuliko wote.

Ijumaa, 23 Oktoba

Leo ilikuwa mwisho wa kupeleka kwa mchapaji. Nimeandika miaka yote iliyobaki, na 1961 kama ilivyosemwa siku zote. Halvdan wa kwanza. Torleiv wa pili. Thelathini na moja bila kosa. Nikamkabidhi Vigdis mkononi.

Akasoma palepale amesimama. Akafuta macho. Mimi nilikuwa naangalia koti lake, kifungo kimoja kinaning'inia kwa uzi.

Jalada watatumia picha ya wanaume tisa wenye fimbo moja moja. Kombe nimesema limepotea katika kuhama vitu.

Nimeandika uongo kwenye kitabu cha mume wangu. Yeye alikaa miezi saba akashindwa. Mimi nimeumaliza kwa siku tatu. Hiyo ndiyo faida ya ganzi.

Jumapili, 25 Oktoba

Kwa nini alishindwa? Nimelifikiria hilo nikiwa naosha madirisha, nikasimama na kitambaa mkononi.

Alijua. Halvdan alijua! Mtu asiyejua angeijaza kurasa kumi 1961.

Basi Torleiv je?

Jumatano, 4 Novemba

Nimepiga moyo konde nikaenda nyumba ya wazee. Torleiv yuko huko tangu avunjike nyonga Februari. Ana miaka sabini na mitano, mkewe alishatangulia. Kwenye mazishi ya Halvdan walimleta kwa kiti cha magurudumu, akakaa pembeni ya ukuta wa mawe. Sijamtembelea tangu hapo. Najisingizia mengi.

Mlangoni karatasi nyekundu. Mafua ya nguruwe, wageni hawaruhusiwi. Muuguzi akasema kupitia kioo nirudi wiki ijayo, au nimpigie simu. Jambo lenyewe si la simu. Nikageuka.

Dukani foleni ya watu wanazungumzia chanjo tu. Nyanya zimelegea.

Jumatatu, 9 Novemba

Chumba cha Torleiv kiko chini, upande wa maegesho. Muuguzi yule yule kanionea huruma, kasema dirishani hakuna ubaya, mradi nisimpumulie.

Nikazunguka. Nikakanyaga maua yao yaliyokufa. Nikagonga kioo.

Na kombe liko hapo! Juu ya kizingiti cha dirisha, ndani. Limejaa betri za kifaa cha kusikilia na kitana.

Torleiv alijikokota na kile kigari chake cha kutembelea, akafungua dirisha. Madirisha ya huko yanafunguka upana wa kiganja tu, wasije wakatoka wakapotea. Tukaongea kwenye upenyo huo, pua yangu nje, pua yake ndani. Akauliza nimekuja kwa ajili ya kombe. Nikasema hapana, nikamwonyesha ile karatasi ya mwalimu. Aliitazama bila miwani. Hakuihitaji miwani.

Akauliza nimekaa nayo muda gani. Nikasema mwezi.

"Mwezi?" akasema. "Mimi arobaini na nane. Nipishe."

Nitaandika alichosema wakati bado nakikumbuka vizuri. Jumatatu baada ya mbio, mwalimu Øverås alienda kwa Halvdan akamwambia. Halvdan akavuka mto jioni ile ile na kombe ndani ya gunia la viazi. Akaliweka mezani kwa Torleiv: hili ni lako, kesho tunakwenda kwa kamati. Torleiv akauliza nani alikuwa ameshika saa. Halvdan akasema Borghild. Wote wawili walijua vizuri yule mhazini atasemaje, na gazeti litaandika jina la nani. Siku moja tu mezani! Ningetolewa, na asingekaa mwanamke mwingine pale mpaka Mungu ajue lini.

Kwa hiyo wakaamua wao. Mdomo ufungwe, na kombe liwe na zamu. Theluji ya kwanza, linavuka mto. Mwaka huu kwako, mwaka ujao kwangu. Mwalimu akakubali, akafa na siri hiyo. Hawakukosa hata mara moja. Mwaka wa mafuriko Halvdan alizunguka kwa daraja la juu, kilomita kumi na nne, kombe mgongoni.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hata alipokuwa mzee. Akasema alimwahidi Halvdan. Nikamwuliza kama hakuwa na uchungu, kilomita thelathini, nafasi yake ya mwisho, miaka ishirini na saba.

Alishika fremu ya dirisha. Vidole vyake vimepinda sasa.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala na uchungu huo," akasema. "Baadaye nikauzoea. Lakini Borghild, mimi ndiye niliyemwahidi Halvdan. Wewe hukumwahidi mtu kitu."

Nikasema kitabu kimeshachapwa.

"Sihitaji kitabu. Sioni vizuri. Ningependa tu kusikia ikisomwa, mara moja, watu wakiwepo. Namba tisa, wa kwanza. Masikio bado ninayo."

Akanyanyua kombe kwenye upenyo anipe, likagoma. Akaligeuza ubavu, likagoma. Vishikio havipiti. Akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akaja akafunga dirisha.

Jumanne, 10 Novemba

Nimekasirika!

Nimeamka nalo kifuani, sikujua ni nini, nikadhani moyo. Ni hasira. Miaka arobaini na nane wamenionea huruma! Wanaume wawili wamekaa wakaamua mimi nijue nini na nisijue nini. Na makofi yale kila sherehe! Bila kosa hata moja! Halvdan anagonga gilasi, Torleiv anapiga makofi, na mimi katikati nimevaa broshi ya fedha ya mama yangu, najichekea kama bibi harusi.

Nimetoa viatu vyake vya ski kwenye ghala nikavitupa uani. Kimoja kimeangukia kwenye tangi la maji. Nikasimama nje nimevaa soksi namfokea mtu aliyelala nyuma ya ukuta wa mawe. Nimemwita mwongo. Nimemwita mjinga. Nimemwuliza kwa nini hakuniamini kwamba ningestahimili.

Halafu nikaenda kukitoa kiatu majini, maana ngozi inaharibika.

Jumatano, 11 Novemba

Ningestahimili kweli? Miaka kumi na saba?

Hapana. Ningeacha. Ningehama Eidsmoen. Nisingeshika saa tena maishani, na Halvdan nisingempata. Alikuja kunialika dansi Jumamosi ile baada ya mbio. Kumbe wakati ule alikuwa ameshajua siku tano. Alinikanyaga vidole mara tatu na hakunitazama machoni. Nilidhani ni haya.

Alhamisi, 12 Novemba

Vigdis kaleta hotuba. Kaiandika yeye, amepiga chapa herufi kubwa ili niione. Nusu ukurasa. Halvdan bingwa wetu, njia yake, mke wake mshika saa asiyekosea. Nitasoma, nitavuta kitambaa, kibao kitaonekana, watoto watawasha mienge, halafu chakula ukumbini.

Nikamwambia, Vigdis, kama kibao kingekuwa na kosa? Akashtuka, akauliza jina limekosewa? Nikasema nilikuwa nauliza tu. Akasema msaragambo umekula siku sitini za watu mia moja na ishirini, dada Borghild, usinitanie.

Torleiv atakuwepo. Karantini imeisha leo, wazima wanaruhusiwa kutoka.

Kwa hiyo nafanyaje? Nikisema, nimemvua marehemu jina lake mbele ya watu wote, siku yake, na bingwa wetu anakuwa wa pili. Na mimi nakuwa msichana aliyeangalia wavulana badala ya mshale. Nikinyamaza, Torleiv ana miaka sabini na mitano na nyonga mbovu, atakufa akiwa wa pili, na hilo nimelifanya mimi kwa kikombe cha kahawa. Mara ya kwanza sikujua. Safari hii nitakuwa najua.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimeweka kwenye mkoba hotuba ya Vigdis. Nimeweka na karatasi ya mwalimu Øverås.

Nimeitoa. Nimeirudisha.

Ragna amefika kwa treni ya mchana. Kanitazama, akasema Mama, umebadilika, umekuwa na rangi. Kaenda kulala kwa rafiki yake, nyumba hii inamlemea bila baba yake. Inanilemea na mimi. Sasa naihisi.

Jumamosi, 14 Novemba

Theluji!

Imeanza alfajiri, saa nne ilikuwa imefunika ua wote. Ya kwanza mwaka huu. Nimesimama jikoni na kahawa, nikajikuta nasikiliza hatua za Halvdan akienda kabatini kutoa kombe. Miaka arobaini na kitu. Hapo ndipo yalipokuja, nikiwa nimesimama, kahawa ikamwagika kwenye sinki. Nimelia kama mtoto. Nimekalia kiti chake nikalia nikamaliza taulo ya sahani.

Sasa ni saa tisa na dakika ishirini. Kufunua kibao ni saa kumi. Nimevaa gauni, nimevaa broshi. Macho yamevimba. Vigdis anakuja kunichukua na gari lake.

Kuna teksi imesimama getini.

Ni Torleiv. Suti yake ya kanisani, kofia ya klabu ya zamani, ile ya sufu. Dereva anamtolea kigari. Kombe liko kwenye kikapu cha kigari, mbele, kama mkate umetoka dukani!

Nimefungua dirisha la jikoni nikamwambia asubiri, naja kumshika mkono, barafu. Akaninyooshea kidole nibaki ndani. Amesema theluji ya kwanza imeanguka, ni mwaka wenu, na hajawahi kusaidiwa kulifikisha. Basi nimekaa. Naandika maana sijui mikono niiweke wapi. Kutoka getini mpaka mlangoni ni hatua thelathini za mtu mzima. Amepiga nane. Anapumzika. Theluji inajaa ndani ya kombe.

Kumi na tatu.

Saa yangu ya mbio iko kwenye droo hii hii ya kalamu. Nimeitoa, nimeishika tu. Mshale umelala kwenye sifuri.

Ishirini. Gari la Vigdis limeingia getini, teksi inarudi nyuma impishe. Vigdis ameshuka na viatu vyake vya visigino, anamwahi Torleiv amshike kiwiko. Anakataa. Sasa Vigdis ameona. Amesimama katikati ya theluji na mdomo wazi.

"Torleiv! Hilo kombe umelitoa wapi wewe?"

Torleiv hajageuka. Anatazama dirisha langu. Hatua ishirini na tatu, ishirini na nne.

"Muulize mshika saa," anasema.

Karatasi ya mwalimu iko mkononi mwangu, hotuba imebaki mkobani. Vigdis ameshafika mlangoni, anashika kitasa.